Koki Inayofungwa Kushoto

4 Februari

Mjukuu wangu,

Nakusalimu kwa sauti kubwa, maana huku kwetu siku hizi kila kitu ni sauti kubwa. Mimi sijambo. Shangazi yako hajambo, isipokuwa ananisemesha kama mtu aliye ng'ambo ya barabara, nami namjibu vivyo hivyo, na majirani wanadhani tunagombana tangu asubuhi. Paka amezaa kwenye kabati la viatu. Wanne, na viatu vyangu vya kutokea ndivyo godoro lao.

Makaratasi yako yamefika, sura ya kwanza mpaka ya nne. Nimeyasoma siku tisa kwa kidole na miwani, neno kwa neno, sikuruka hata moja. Shangazi yako alitaka kunisomea, nikamfukuza.

Nikwambie ukweli, mwanzo nilikasirika. Nilisema kipindi cha televisheni kina wenyewe, huyu anaingiaje? Halafu nikakumbuka mimi na wewe kwenye kochi lile, wewe unanipigia kelele sikioni maneno yanayosemwa, na wale wa kituo wakakikata Chombo cha Saba pale pale mabomba ya baridi yanapopasuka. Watu elfu nne wamelala kwenye barafu, huko angani, hakuna wa kuwaamsha, na wiki ya pili yake wakatuwekea mashindano ya kupika! Nilitaka kuitupa televisheni barabarani. Kwa hiyo umefanya vizuri. Mtu akiacha mashine inavuja akaenda zake, fundi yeyote aliye karibu ana haki ya kushika spana.

Lakini umekosea ukurasa wa saba. Kompresa, mashine ya kusukuma gesi ya baridi, haifi kwa kunguruma. Inakohoa. Kwanza kikohozi kikavu, halafu kama mtu aliyepaliwa na maji, halafu inanyamaza, na ukimya ule ndio wa kuogopa. Miaka thelathini na minane nimekaa kiwanda cha barafu, na hakuna mashine iliyowahi kunidanganya. Weka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini uweke sikioni, itakueleza ugonjwa wake vizuri kuliko mgonjwa anavyomweleza daktari. Andika hivyo.

Na hao wasomaji wako wanaojiita abiria, wanaokuandikia chini ya kila sura, mbona hukuniletea maneno yao? Nataka kujua wanamsemaje Fundi Mkuu wa chombo. Usijitie hamnazo. Najua yule ni mimi, hata kutembea kwake ni kwangu.

Babu yako,
fundi wa kwanza wa zamu ya asubuhi


20 Februari

Shikamoo Babu,

Mimi mzima, na kazi ni ile ile, nachapa barua za watu: maombi ya kazi, mikataba ya nyumba, mialiko. Juzi mama mmoja alinipa kuchapa barua ya kumkataa mkwe wake, akairekebisha mara sita, mwisho akaniambia futa yote, akaondoka anacheka. Mwenye duka ananiruhusu kuchapa sura zako kwa herufi kubwa anapokwenda kula. Ndiyo maana bahasha zimenenepa. Mwambie Shangazi asiwagawe paka wote, mmoja ni wangu.

Kikohozi cha kompresa nimekitia, na sura ya nne nimeiweka upya mtandaoni.

Sijui nikueleze vipi habari za abiria. Kipindi kilipokatwa nilidhani tulioumia ni mimi na wewe tu. Nilipoweka sura ya kwanza nilitegemea watu watatu, na wote ni marafiki zangu. Leo wamepita elfu moja. Yuko muuguzi anayesoma akiwa kwenye foleni ya chai, yuko dereva wa lori anayesoma wakati wanampakulia mzigo. Na hawanisifu tu, wananisumbua. Nikichelewa siku mbili wananiuliza kama naumwa. Haya, nakunakilia:

"Nilikuwa nimeshawasahau wale waliolala kwenye barafu. Umenirudishia wasiwasi. Asante, na Mungu akusamehe."

"Nahodha hawezi kusema hivyo. Msimu wa kwanza alisema hakuwahi kuwa na kaka. Kaangalie tena."

"Huyu Fundi Mkuu anajisifu mpaka natamani kumpiga kofi, lakini akitoka kwenye ukurasa nasikia baridi."

Na hili nimelipenda kuliko yote. Limetoka kwa mtu anayejiita Msikilizaji: "Mimi sisomi, nasomewa. Kikohozi cha kompresa umekipata sawasawa. Aliyekufundisha amekaa karibu nayo. Endelea, tupo hapa."

Sasa Babu, nina ombi. Sura ya tano ndiyo bomba linapasuka. Uliwahi kunisimulia siku ya gesi nilipokuwa mdogo, lakini nimebaki na vipande vipande. Niandikie yote, kama ilivyokuwa.

Mjukuu wako


11 Machi

Mjukuu wangu,

Salamu. Hapa tu wazima. Paka wawili wameshachukuliwa, wako nimekuwekea yule mkorofi. Goti linanisumbua hewa ikibadilika, na shangazi yako ananipaka dawa inayonuka kuliko kiwanda.

Huyo wa kofi mwambie aje, anijaribu. Lakini huyo Msikilizaji ndiye msomaji hasa. Hao wengine ni wapita njia. Yeye anajua kitu. Maneno yake nimeyakata kwa mkasi nikayaweka kwenye kasha la miwani.

Siku ya gesi ni hivi. Amonia, gesi ya kugandishia barafu, si moshi wa kuni. Inatafuta maji mwilini, inakwenda machoni, kooni, kwapani, popote penye unyevu, na inaunguza. Bomba la kompresa namba nne lilipasuka saa moja na nusu asubuhi. Wenzangu walikimbia kama kuku. Mimi sikukimbia. Nililowesha kitambaa nikafunga pua na mdomo, nikaenda nimeinama, maana amonia hupanda juu, mpaka kwenye koki kubwa inayokata gesi yote. Nikaizungusha kulia mara kumi na mbili, mpaka ikakaza, mikono inawaka moto. Msaidizi wangu tuliyemwita Kijiti, kwa wembamba wake, wiki ile alipangwa usiku na alikuwa kashamaliza zamu, akaingia kwa kiherehere chake bila hata kitambaa, gesi ikamchoma macho. Nikamburuta nje. Watu ishirini na sita walirudi makwao wazima siku ile, na wakubwa wakanipa cheti mbele ya wote.

Andika hivyo hivyo, usipunguze. Kuongeza unaweza.

Babu yako


9 Aprili

Shikamoo Babu,

Natumaini goti limepoa. Hapa mashine yetu ya kuchapa iliharibika siku tatu, nikawa nazunguka duka zima sina la kufanya, napanga kalamu.

Sura ya tano imewasha moto! Nimepata maoni mia nne kwa siku mbili. Muuguzi ameandika kwamba alipofika pale Fundi Mkuu anapoinama chini ya gesi alisahau kuwa zamu yake ya kunywa chai imefika. Mwingine: "Nimeisoma nimesimama." Wamekuimba, Babu.

Ila Msikilizaji ameandika hivi: "Koki kubwa niliyoijua mimi ilikuwa inafungwa kushoto. Aliyeizungusha kulia aliifungua zaidi. Aliyeifunga angejua."

Mimi nilidhani ni kusahihisha tu, maana abiria wanapenda kusahihisha. Lakini wenzake wamelidaka neno. Sasa wamegawanyika. Wengine wanasema Msikilizaji ana kichwa kigumu. Wengine wanasema hapana, hiyo ndiyo siri ya sura ya sita, kwamba Fundi Mkuu alikosea koki na hajasema. Wananishukuru kwa ujanja ambao sikuufanya! Nimjibu nini?

Mjukuu wako


28 Aprili

Mjukuu,

Salamu. Hapa hali ni nzuri. Mvua imeleta tope mpaka kizingitini. Paka wako amepasua pazia. Shangazi yako ameniuliza mara tatu kwa nini sili, nimemwambia nakula.

Mwambie huyo mtu kwamba angani hakuna kushoto wala kulia. Chombo kinaelea, yeye anajuaje kushoto kwake ni kushoto kwa nani? Mwambie hivyo, amalize.

Nimeona hao abiria wako wameharibika. Mtu anasimuliwa kitu kizuri, badala ya kushukuru anachungulia chini ya kitanda. Sura ya sita achana na koki kabisa. Waamshe watu wa barafu, wapewe chakula, waoane, wafike huko wanakokwenda. Hadithi ndefu mno inachosha.

Huyo Msikilizaji anaandika kama mtu mzima au kijana? Anakaa wapi? Usimuulize. Nimeuliza tu.

Babu


17 Mei

Shikamoo Babu,

Natumaini mvua imepungua na tope limekauka. Mimi mzima, ila situlii.

Ulisema nisimuulize, na sikumuuliza. Ameniandikia mwenyewe, faraghani, wasikoona wengine. Aliyeandika ni binti yake, yeye ndiye anayemsomea. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha barafu na alipoteza macho kwa gesi. Wakiwa kazini walimwita Kijiti.

Babu, anakaa mji huo huo unaokaa wewe, upande wa pili. Siku zote nilidhani Kijiti alikufa. Wewe husema "marehemu Kijiti". Mara ngapi nimekusikia?

Binti anasema baba yake hajakutaja kwa ubaya hata siku moja. Sura ya tano ilipofika kwenye koki alisema tu, "Ilifungwa kushoto," halafu akaomba asomewe tena. Amesomewa mara tano. Binti ananiuliza kama aache kumsomea, maana tangu hapo baba anatembea chumbani kutoka ukuta mpaka ukuta, anahesabu hatua.

Mimi ndiye niliyemwandika kuwa mtu wa kiherehere aliyeingia bila kitambaa. Watu elfu moja wamemcheka. Wameandika, nimeona, na yeye amesomewa vicheko hivyo vyote.

Kwa hiyo nakuuliza wazi, unijibu wazi. Nani alifunga koki?

Mjukuu wako


2 Julai

Babu,

Shikamoo. Nimesubiri wiki sita. Shangazi ananipigia simu, anasema umeng'oa koki zote za nyumba, ya jikoni, ya bafuni, ya uani, umezipanga juu ya gazeti na huzirudishi, na maji wanachota kwa jirani. Anasema unakwenda mpaka kona ya barabara, unasimama, unarudi, mara nne kwa siku. Anadhani unaumwa. Sikumwambia kitu.

Sura ya sita sijaandika. Abiria wananiuliza kila siku, wengine kwa hasira, wengine wananibembeleza. Muuguzi ameandika, "Kama umechoka sema, tutakusubiri hata mwaka." Siwezi kuwajibu. Nikiandika kwamba Fundi Mkuu alifunga koki namwongopea mtu asiyeona. Nikiandika kwamba hakuifunga namvunjia heshima babu yangu bila kumsikiliza.

Siandiki hata neno mpaka unijibu.


30 Julai

Mjukuu wangu,

Salamu. Koki nimezirudisha, maji yanatoka. Shangazi yako mzima. Paka wako ameanza kushika panya.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Karatasi zilizochanwa zimejaa ndoo. Sasa naandika bila kusimama, na nikikosea sifuti.

Sikuifunga mimi. Kijiti ndiye aliyefunga.

Koki ya zamani ilikuwa inavuja. Zamu ya usiku waliing'oa wakafunga nyingine waliyoitoa kwenye mashine iliyokwisha kufa, na hiyo meno yake yalikuwa kinyume, ikawa inafungwa kushoto. Kijiti akaandika ubaoni kwa chaki. Ubao ulikuwa mlangoni, kila zamu ilisoma ndipo iingie. Na mimi nilisimama mbele ya ubao asubuhi ile kama kila asubuhi, mikono nyuma, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, nikapita.

Nilikuwa sijui kusoma. Hata herufi moja. Nilikuwa kiongozi wa zamu, nafundisha watu, naisikia mashine ikiwa mlango wa tatu, na kusoma sijui. Nani ningemwambia? Wale wenye vyeti waliokuja wakawa chini yangu? Nilikuwa nikitaka kujua kilichoandikwa ubaoni nasema kwa nguvu, "Haya, mmeona ubao unasemaje?" na mmoja anajibu, nami najua. Siku ile niliingia wa kwanza. Wa zamu yangu wa kumuuliza hakuwepo.

Bomba lilipopasuka nilikwenda kweli. Kitambaa nilifunga kweli, niliinama kweli. Nikazungusha kulia kwa nguvu zangu zote, na gesi ikazidi. Nikadhani koki ni ngumu, nikazidi kuzungusha. Mara kumi na mbili, hilo si uongo. Niliifungua yote. Kijiti alikuwa kashavua nguo za kazi, ananawa. Akaingia na shati lake la kwendea nyumbani, akanisukuma kwa bega, akaizungusha kushoto, uso wake uko juu kabisa ya gesi. Alipoifunga akaanguka. Mimi nilikwisha kutambaa nje. Hata kumburuta sikumburuta, alitolewa na watu wa zimamoto.

Wakubwa wakaja wakaniuliza, fundi, wewe uliifunga? Nikasema ndiyo. Ni neno moja tu, mjukuu wangu, nililisema nikiwa nakohoa. Wakanipa cheti ambacho sikuweza kukisoma.

Hospitali nilikwenda mara moja. Nilimwona kutoka mlangoni, kichwa kizima kimefungwa bendeji. Nikarudi. Nikasubiri atoke aseme ukweli. Hakusema. Nikasubiri mwaka, hakusema. Hilo ndilo lililonitesa, kwamba hasemi, sijui anasubiri nini. Nikaanza kumwita marehemu, ili watu wasiulize. Mwaka uliofuata nikaingia darasa la watu wazima, kwenye mtaa ambao hawanijui, nikakaa benchi moja na akina mama wenye watoto mgongoni.

Miaka thelathini na moja sasa. Usinijibu kwa maneno ya huruma, sitaki. Andika sura yako unavyotaka. Mimi nimemaliza.

Babu yako


16 Agosti

Shikamoo Babu yangu,

Mimi mzima. Mashine imetengenezwa. Barua yako niliisomea ndani ya chumba cha karatasi, nimekaa juu ya maboksi, na mwenye duka aligonga mara mbili akidhani nimelala.

Maneno ya huruma sikuleti, umekataa. Nakuletea sura ya sita. Fundi Mkuu anazungusha koki kulia. Ubao upo. Yote yapo, mpaka shati la kwendea nyumbani.

Lakini mtandaoni sijaiweka. Abiria elfu moja watasubiri, kwanza kuna mmoja anayestahili kuisikia kabla yao, na sitaki aisikie kwa mdomo wa binti yake. Nimemwandikia binti. Alhamisi mchana baba yake yuko nyumbani. Ni mtaa wa mafundi bati, nyumba yenye mlango wa bluu, jirani na kisima kilichofungwa. Hajamwambia baba yake kwamba unakuja, kwa sababu mimi sikumwambia yeye kwamba utakuja. Nilimwambia huenda.

Usipokwenda, sura hii haitatoka. Sikutishi, Babu. Nimejaribu kubonyeza kidude cha kuituma, kidole kimekataa.

Herufi nimezifanya kubwa zaidi.

Mjukuu wako


11 Septemba

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi. Hapa tu wazima wote, mpaka paka.

Alhamisi ya kwanza nilifika kisimani nikarudi. Ya pili nikaukuta mlango wazi nikapita kama mtu anayekwenda kwingine. Ya tatu, nilikwenda kwa miguu tena, saa mbili nzima. Basi lilinipita mara tatu sikulisimamisha, maana kwenye basi lazima ukae kitini na mimi kukaa siwezi. Mtaa ule wanapiga ndoo na mabati, nyundo mtindo mmoja, hata mimi nilizisikia. Binti alikuwa anafagia kizingiti. Akanitazama, akatazama bahasha, akaingia ndani mbio.

Kijiti si kijiti tena. Amenenepa, ana tumbo. Amekaa kwenye kiti cha kamba, miguu peku. Binti akamwambia neno sikioni. Yeye akasema kitu, sikukisikia. Binti akanirudia kwa sauti: "Baba anasema umechelewa."

Nikasema, "Nilikuwa siijui nyumba."

Akacheka kidogo. Binti akarudia tena: "Anasema miaka thelathini na moja unatafuta nyumba? Mji wenyewe mkubwa kiasi gani?"

Nikatoa makaratasi. Nikasoma. Unajua kusoma kwangu, nasoma kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Hakunikatiza. Nilipofika pale Fundi Mkuu anaposimama mbele ya ubao, mikono nyuma, sauti ikakatika. Nilidhani ni kikohozi. Kidole kikabaki juu ya neno.

Kijiti akapiga mkono wa kiti. Hiyo niliisikia. "Soma!"

Nikasoma mpaka pale anaposema kwamba hajui kusoma. Hapo akaanza kusema, anasema haraka, sipati hata neno. Nikamwambia, sisikii. Akarudia. Nikamwambia, ndugu yangu, kompresa zimeniua masikio, paza sauti. Binti alikuwa amejifunika uso kwa kanga, hasaidii tena. Basi Kijiti akajaza kifua, akanipigia ukelele:

"Nilijua husomi!"

Mjukuu wangu, nyundo za mtaa mzima zilinyamaza.

"Nilijua! Wote tulijua! Unasimama mbele ya ubao kama askari kwenye gwaride, nani asijue? Nilikukuta mlangoni asubuhi ile ya koki! Ningekwambia kwa mdomo, ni maneno mawili tu! Nikakusalimia, nikapita! Nilitaka ukosee, watu wakucheke! Ulikuwa unajisifu mno, ulikuwa huvumiliki!"

Mimi nami nikapiga kelele, sijui kwa nini, yeye masikio yake ni mazima. "Na mimi ningekuuliza! Kijiti, kuna nini ubaoni? Ningekufa?"

"Ungekufa!" akasema. "Nakujua, ungekufa!"

Mlangoni wamejaa mafundi bati, mmoja ana ndoo isiyo na kitako mkononi. Aibu niliyoificha maisha yangu yote imesikika mpaka kisimani, na wa kuizima hakuna, maana mmoja haoni na mwingine hasikii, na hakuna njia nyingine ya sisi kuzungumza. Nilitamani kukimbia. Nikaona mkono wake unatafuta hewani, hajui nimekaa upande gani. Nikaushika. Una kovu mpaka kwenye kiwiko, sikuwahi kuliona.

Kwa hiyo yeye naye alinyamaza miaka yote hiyo akijua la kwake. Mimi nilidhani ananisubiri. Kumbe alikuwa ananiogopa.

Nikamwambia la neno moja nililowajibu wakubwa, kwa mdomo wangu, ingawa lipo kwenye karatasi. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba kwa neno hilo, tusidanganyane. Alisema zimebaki kurasa nne, nimalizie. Nikamalizia. Binti akawafukuza mafundi bati, akaleta chai.

Sasa kuna kazi. Kijiti ameikataa sura yako. Anasema haijakamilika, msaidizi ametoka msafi mno. Anataka uandike kwamba alijua Fundi Mkuu hasomi, akaliacha neno ubaoni tu makusudi, akapita bila kumwambia. Nilimbishia, nilimwambia utamharibu mtu mzuri na abiria watamchukia. Akasema bila hilo ni uongo kama sura ya tano, na uongo mmoja umetosha. Tumebishana mpaka jua likageuka upande wa pili wa ukuta, na mshindi ni yeye. Liongeze. Ukishaliongeza, iweke mbele ya abiria wote, huyo wa kofi awe wa kwanza.

Alhamisi nakwenda tena. Tumekubaliana kwamba sura zote nitamsomea mimi, binti apumzike. Anasema nasoma vibaya lakini siruki maneno.

Huyu shangazi yako wa hapa nyumbani sijamwambia chochote. Nimekaa naye mezani siku tatu, mdomo naufungua naomba chumvi. Bahasha hii nimeiacha wazi. Shangazi yako ndiye anayeipeleka posta, na njia ni ndefu.

Babu yako